Msichana Aliyezungumza na Jagi

Vijana wa klabu ya midahalo, mmenitumia ujumbe mkitaka niwafundishe "njia ya Mama Seti" ya kuamua mdahalo, maana mashindano yamekaribia na hamna mwamuzi mnayemwamini. Nilicheka peke yangu jikoni. Jina hilo nilipewa na wanafunzi wa Itigi kwa kunikejeli, na ninyi mnalitamka kama cheo. Halafu njia yenyewe mnayoisifu ndiyo inayonifanya mpaka leo niinamishe kichwa nikikutana na watu fulani wa Kilimatinde. Nitawafundisha, msiwe na wasiwasi. Lakini mtaipokea pamoja na aibu yangu, kwa sababu sijui namna ya kuvitenganisha.

Tuanze na yale madogo. Mwamuzi hanywi soda ya mwenyeji mpaka matokeo yatangazwe. Mwamuzi haangalii viatu. Nasema hivi kwa sababu miaka ile mitumba ilikuwa ndiyo imeingia kwa fujo, na kijana aliyepanda jukwaani na suruali ya kitambaa kizito cha Ulaya, hata kama inamfikia kifuani, watu walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Na jambo la tatu, fainali isipangwe siku ya treni. Nililijifunza hilo vibaya. Msemaji wa mwisho alikuwa katikati ya hoja nzuri kabisa, treni ikapiga honi, ukumbi mzima ukatoka mbio na chupa za asali na kuku na mikungu ya ndizi kwenda kuuzia abiria madirishani. Tulibaki mimi, mwenyekiti, mtunza muda na yule msemaji. Naye alikuwa ananiangalia kwa kuomba ruhusa, kwa sababu chini ya kiti alikuwa ameacha ndoo ya karanga.

Ukumbi wetu lilikuwa ghala la ushirika. Ushirika ulikuwa umelala, ghala likabaki tupu likinuka alizeti ya zamani, na wakubwa wakaturuhusu tulitumie. Kwa hiyo tulikuwa tunajadili faida za soko huria ndani ya nyumba iliyoachwa na soko lile la zamani. Wakati huo sikuona kichekesho chake. Nilikuwa kijana, mwalimu wa hisabati, ninajua kila kitu.

Aliyenitia kwenye kazi hii ni Mwalimu Msengi, mwalimu wa Kiswahili, mtu mzima wa Singida vijijini, mpole, mwenye koti moja la kijivu. Yeye aliamua midahalo kwa masikio. Alikuwa anafumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, watu wakidhani amelala, kisha anasimama na kusema, "Wameshinda wa kushoto," na anakaa. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Si umesikia?" Mimi jambo hilo lilikuwa linanikera mno. Hakuna alama, hakuna kanuni, mtu mzima anafumba macho! Walioshindwa walikuwa wakienda nyumbani na kinyongo, wakisema Msengi anawapendelea wa kwao. Nikamwambia mimi nitaleta utaratibu. Akaniambia, "Lete, mwanangu. Ila usije ukaziba masikio ukaona kwa macho tu." Nikaona ni maneno ya uzee.

Basi, njia yenyewe ni hii. Chora maduara makubwa mawili ubaoni, yaingiliane kidogo katikati. Duara la kushoto ni seti ya wale waliotoa hoja yenye ushahidi. Mtu akisema "ushirika ulikuwa unachelewa" haingii, akisema ulichelewa wapi, lini, na nani aliumia, anaingia. Duara la kulia ni seti ya wale waliojibu hoja za upande wa pili. Aliye kushoto tu nilimwita shahidi, ana yake lakini hasikilizi ya wenzake. Aliye kulia tu nilimwita mpiganaji, anabomoa lakini hajengi. Aliyeangukia pale katikati, kwenye makutano, huyo ndiye msemaji. Na aliye nje ya maduara yote mawili nilimwita msindikizaji. Upande wenye watu wengi katikati ndio ulioshinda, na msemaji bora hutoka humo humo. Kila mzungumzaji akimaliza, ninaandika jina lake mahali pake mbele ya watu wote, hakuna siri.

Watu walipenda mno. Mpaka wauza maji walikuwa wanabishana, "Yule ni mpiganaji tu, huyo." Kinyongo kilipungua kweli, siwadanganyi. Mkifuata njia hii mtaona mtu aliyeshindwa anatazama ubao anatikisa kichwa, anakubali. Nilitembea nayo Manyoni, nilitembea nayo mpaka Ulemo nilikozaliwa, baba yangu akaja kukaa mstari wa mbele na fimbo yake. Msengi alikaa nyuma, kafumba macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Kijana mmoja wa Manyoni alisimama akajibu kwa ukali, anapiga ngumi hewani, "Mpinzani wangu anadai kwamba barabara haina maana!" Nikamwingiza katikati ya maduara hapo hapo. Watu wakaangua kicheko. Hakuna mpinzani aliyekuwa ametaja barabara. Yule kijana alikuwa amekariri jibu alilotungiwa na kaka yake kwa mada nyingine kabisa. Nilifuta jina lake kwa kiganja, chaki ikanijaa usoni, na kwa wiki nzima watoto wa Itigi walikuwa wakiniona sokoni wananong'ona "barabara haina maana." Nilichukia sana. Ndipo nikatunga kanuni ya kujilinda nisichekwe tena: asiingie duara la kulia mtu yeyote ila awe amemwelekea mpinzani wake, amemtaja, ameitaja na hoja yake iliyotolewa siku hiyo. Kama hajamtaja, hajajibu. Sasa shikeni hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu.

Fainali niliyokusudia kuwaambia ilikuwa kati ya Itigi na Kilimatinde, vijana waliomaliza darasa la saba. Mnajua enzi zile waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali walikuwa wa kuhesabu. Sasa shule mpya ya watu binafsi ilikuwa inafunguliwa, na wenye shule walikuwa wametangaza kwamba msemaji bora wa fainali yetu atapata nafasi, asome bure mpaka amalize. Nafasi moja. Mimi ndiye niliyekuwa nipeleke jina. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya vikombe na makofi. Wazazi walitembea kwa miguu kuja kusikiliza, na mle ghalani watoto walinyamazishwa kama kanisani.

Mada ilikuwa: soko huria limemsaidia mrina asali kuliko ushirika. Itigi waliunga mkono, na mkali wao alikuwa Mathayo, kijana mrefu, mtulivu, aliyekuwa akiishi kwa dada yake aliyeolewa na mfanyakazi wa reli. Kilimatinde walipinga, na mkali wao alikuwa Sechelela. Binti mdogo wa umbo, sauti nzito isiyolingana naye. Nilikuwa nimemsikia kwenye raundi za mwanzo, na moyoni nilijua kwamba mtoto yule akipewa shule hatasimama njiani.

Sikujua kwamba Mathayo ni baba yake mdogo. Ni kitinda mimba wa babu yake, wamelingana umri, pengine hata Sechelela alimtangulia kuzaliwa. Lakini ni baba.

Mathayo alisema vizuri. Alitoa hoja tatu na mifano yake. Kwamba mfanyabiashara anamfuata mrina asali mpaka porini, mtu hahangaiki tena kubeba. Kwamba analipa papo hapo. Kwamba maduka yaliyokuwa na rafu tupu sasa yamejaa sabuni na nguo. Nikamwingiza duara la kushoto, na kwa kuwa aliijibu hoja ya msemaji wa kwanza wa Kilimatinde kwa kumtaja jina, nikamsogeza katikati.

Akaitwa Sechelela. Akapanda, akageuka kwa Mathayo, akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," Mathayo akajibu, na sauti ikampasuka, maana bado ilikuwa inabadilika. Ghala zima likacheka, na mimi nikacheka.

Sechelela alitoa hoja zake kuhusu ushirika, safi kabisa, na nikamwandika duara la kushoto. Kisha badala ya kumgeukia mpinzani wake, akaligeukia jagi la maji lililokuwa mezani kwa mwenyekiti.

"Wewe jagi," alisema, "nimesikia kwamba kuna mtu anatufuata porini. Ni kweli, anatufuata. Lakini anakuja na ndoo yake, na ndoo yake ndiyo mizani. Wewe jagi tunajua unajaa kiasi gani, umekaa hapa mbele ya watu. Ile ndoo nani aliipima? Mwaka huu imenenepa, na bei haijanenepa nayo."

Watu walicheka tena. Akangoja.

"Jagi, nimesikia pia kwamba tunalipwa papo hapo. Ndiyo. Huyo mtu haji mwezi wa mavuno. Anakuja mwezi ambao mama amekung'uta kibuyu cha mwisho cha mtama. Mwenye njaa utamlipa saa ngapi, kama si papo hapo? Chochote utakachompa atapokea."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wanawake waliokuwa nyuma walianza kuguna kwa kukubali.

"Na maduka yamejaa sabuni. Jagi, kesho ukae nje ya duka uangalie. Sabuni imejaa kwa sababu haiondoki. Aliyerina asali anaiangalia, anaondoka."

Akalishukuru jagi, akamwinamia Mathayo, akashuka. Makofi yake yalianza polepole na hayakutaka kuisha. Na mimi mwamuzi wenu nilikuwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi, najiambia: mzaha mzuri, lakini mpinzani hakutajwa hata mara moja. Hapo nikakumbuka yule kijana wa barabara, nikakumbuka nilivyochekwa. Kanuni yangu ilikuwa wazi. Nikaandika jina la Sechelela upande wa kushoto peke yake. Na ili watu waelewe kwamba mimi ni mtu wa hisabati, kando ya duara la kulia nikaandika: majibu ya Sechelela, kisha nikachora alama ya seti tupu. Nikaikolezea kwa chaki. Nikageuka na kueleza kwa sauti ya darasani kwamba seti tupu maana yake haina kitu ndani.

Ghala lilinyamaza. Nikadhani wananistaajabia.

Mathayo ndiye aliyesimama. Hakuomba hata ruhusa kwa mwenyekiti. "Mwalimu," alisema, "amenijibu."

"Kaa chini, Mathayo."

"Amenijibu zote tatu, mwalimu. Mimi ndiye niliyejibiwa, ninajua. Sina la kurudisha."

"Aliyeshinda hapingi ushindi wake," nikamwambia. "Kanuni ni moja kwa wote."

Vijana wangu, kukosea kungesameheka. Kinachonitoa jasho mpaka leo ni kwamba pale pale, Mathayo aliposimama, nilianza kuelewa. Nilimwona yule msichana alivyokaa, mikono magotini, ametazama sakafu, na kitu kikaniambia hapa umekosea. Kifutio kilikuwa karibu na mkono wangu. Lakini nilikwisha eleza, nilikwisha kolezea, baba yangu hakuwepo lakini Msengi alikuwepo, na nilikuwa nimefutishwa mara moja mbele za watu nikaapa haitatokea tena. Nikamtangaza Mathayo msemaji bora.

Sechelela alikuja kunipa mkono. Akapiga goti. "Asante, mwalimu. Shikamoo." Nikaitikia.

Njiani kurudi nyumbani Msengi alitembea nami mpaka tulipovuka reli. Kisha akaniuliza, "Ulipoolewa, mkweo alikuwa akikosea, ulikuwa unamwambiaje?"

Nilisimama. Kwa kuwa nilipoolewa nilikaa nyumbani kwa wakwe mwaka mzima, na baba mkwe wangu sikumjibu uso kwa uso hata siku moja. Nilikuwa nakiambia chungu. "Chungu hiki naona kimesahau kwamba kuni zimeisha," nasema huku nakoroga, na mzee anayesikiliza uani anakohoa, anachukua shoka. "Chungu hiki kinadhani nyama ya jana ililiwa na paka," na mzee anacheka kimya kimya kwa kuwa aliyeila ni yeye. Kila kitu tuliambiana. Nyumba nzima ilijua nani anajibiwa. Ni malezi yetu sote pande hizi: mtoto hamkosoi baba mbele za watu, na wala hanyamazi, anatafuta pa kupitishia neno. Nilikuwa naifanya kila asubuhi, halafu mtoto kaifanya mbele yangu kwa ufundi kuliko mimi, nikamwandikia tupu.

"Ulijua tangu mwanzo?" nilimuuliza Msengi kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake.

"Si umesikia?" akasema, kama kawaida yake, lakini safari hii hakutabasamu.

Nilikwenda kwa wenye shule. Nikaeleza kwa kirefu, nikachora na maduara. Mkuu wa shule alinisikiliza kwa heshima zote, akasema jina limekwisha pokelewa, na aliyelileta ni mimi, na mzazi wa Mathayo amekwisha shukuru. Akaniuliza kama nataka amfukuze kijana ambaye hajafanya kosa. Sikutaka. Mathayo naye alijaribu kuiacha nafasi ile, wazee wake wakamkatalia, kwamba baba hawezi kukaa nyumbani ili binti aende. Akasoma. Ni mtu mzuri, sina neno naye. Sechelela alirudi Kilimatinde kulima.

Ilinichukua mpaka kiangazi kilichofuata kupata moyo wa kupanda kule mlimani, Kilimatinde. Nilimkuta uani na mama yake wanabambua karanga. Walinikaribisha kwa heshima iliyonichoma, kigoda, maji ya kunawa, uji. Nikaanza maneno niliyoyaandaa njia nzima, kwamba nimekuja kuomba radhi. Sechelela akanikatiza, taratibu.

"Mwalimu, kwanza unifundishe. Yale maduara. Siku ile nilikuwa naogopa, sikuelewa nilishindwaje."

Nikachukua kijiti nikachora mavumbini. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Alielewa upesi kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha, sisemi hivi kwa kumpamba. Alichukua karanga akaanza kuziweka. Hii Mathayo, katikati. Hii mimi, kushoto. Akaiangalia karanga yake.

"Kwa hiyo nilisema yote," akasema, "ila wewe hukusikia."

"Ndiyo."

"Si kwamba nilikuwa mjinga."

"Hapana. Hapana, mwanangu. Mjinga nilikuwa mimi."

Mama yake aliendelea kubambua. Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kulia, machozi ya kujihurumia, ndivyo ninavyoyaona sasa. Sechelela hakulia. Alikuwa bado anatazama mchoro.

"Na wale uliowaandika huku nje, mwalimu? Au kushoto tu, kama mimi? Miaka yote. Wengi walikuwa akina nani?"

Nikaanza kuwataja ninaowakumbuka. Binti wa Manyoni aliyepambana na shemeji yake, akaishia kuusemesha mlango. Binti wa Ulemo, kijiji changu mwenyewe, aliyekuwa akigeuka kumsimulia mtunza muda, nikamkemea kwamba hana adabu ya jukwaani. Wawili wa Itigi. Mwingine, na mwingine. Kila nikitaja anaweka karanga. Nilikuwa sijawahi kuwapanga pamoja, mimi niliyejiita mtu wa seti. Walikuwa wasichana watupu.

"Umeshakwenda kwao?" aliuliza.

Nikamwambia sijaenda hata kwa mmoja.

Akaziokota karanga za wale wasichana, yake akaiacha chini, akanitia hizo kiganjani na kunikunja vidole. "Basi kunywa uji umalize, mwalimu," alisema. "Hawa ni wengi, na wengine wameolewa mbali."

Niliteremka mlima nimefumba mkono ule ule, na sikuthubutu kutafuna hata moja.